Laptopu Haikujua

Darasani tulisoma habari za Oakland Athletics, timu ya besiboli ya Marekani iliyochagua wachezaji kwa takwimu, ikashinda mechi 20 mfululizo mwaka 2002. Nikaenda fildi Korogwe, kwenye timu ya mpira, nikiwa na moto huohuo.

Jedwali langu likasema winga wetu anaishiwa pumzi dakika ya 60. Kocha akamweka benchi.

Winga akanifuata. "Mdogo wangu, hiyo laptopu inajua nimebeba abiria wa boda Handeni tangu alfajiri, ndo nikapanda gari kuja huku?"

Nikakosa jibu. Kesho yake nikaongeza safu moja: kazi kabla ya mechi. Kocha akaisoma, akamrudisha kipindi cha kwanza.

Wenzangu mnaokwenda fildi, kabla ya kuwahesabu watu, waulizeni wametoka wapi.