Njia ya Wapagazi na Wajanja wa Mjini



Ukifika Tabora kwa gari moshi, usiwe na haraka. Reli ilifika hapa mwaka 1912, wakati wa Wajerumani, lakini mji ulikuwa njia panda zamani kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa: mingine ilishika njia ya Ujiji, mingine ikaenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kukaa. Leo twende pamoja kuitazama njia hiyo, nami nitakuonyesha jambo ambalo wageni wengi hawaulizii: habari za wezi, walaghai na filamu.

Tuanzie Kwihara, nje kidogo ya mji. Pale pana tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo mwezi Machi, akashuka pwani kumtafutia wapagazi. Wapagazi wakafika Agosti. Watu husimama mbele ya tembe, wakapiga picha, wakaenda zao. Wachache hukumbuka kwamba mzee yule alikuwa ametoka kuibiwa. Mwaka 1871 aliporudi Ujiji kutoka Manyema, akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta mali yake yote imeuzwa. Mtu aliyekabidhiwa mali ile alijitetea kwamba ametazamia, akaona mwenyewe amekwisha kufa!

Huoni, msomaji, kwamba hiyo ni hadithi kamili ya upelelezi? Yuko mwenye mali aliye mbali, yuko mwaminifu wa uongo, na ipo habari ya kifo kisichokuwako. Kwa hadithi za namna hiyo Waingereza walitengeneza filamu nyingi sana. Sheria yao ya mwaka 1927 ilitaka majumba ya sinema yaonyeshe kiasi fulani cha filamu za Kiingereza, basi makampuni yakatengeneza filamu za haraka zenye gharama ndogo. Hata baada ya vita kazi hiyo iliendelea. Katika studio ya Merton Park, London, zilitengenezwa tangu mwaka 1960 filamu zaidi ya arobaini kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Kila moja ilichukua muda wa saa moja hivi, ikaonyeshwa kabla ya filamu kubwa. Hazikuhitaji mengi: vyumba viwili vitatu, simu, motakaa, barabara usiku, na askari kanzu mwenye koti refu. Mwisho mwovu hukamatwa, watu wakarudi nyumbani wameridhika.

Sasa turudi mjini, tupite kwenye Shule ya Tabora. Wengi wanajua kwamba Mwalimu Nyerere alisoma hapa. Lakini alisoma hapa pia Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 na kufariki mwaka 2009. Kabla ya siasa Kawawa alikuwa mchezaji wa filamu. Miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilitengenezewa filamu za Kiswahili na kampuni ya Afrika Kusini, na katika filamu ya mwaka 1952 Kawawa ndiye aliyekuwa Muhogo Mchungu, mtu wa shamba anayekuja Dar es Salaam na fedha zake, akaangukia mikononi mwa wajanja wa mjini. Nayo haikuwa filamu ya gharama kubwa. Lakini watu walijiona wenyewe humo, wakisikia lugha yao.

Tena hadithi ile haikuanza mwaka 1952. Fikiri juu ya mpagazi Mnyamwezi wa zamani. Alichukua mzigo wa frasila mbili, akatembea miezi mitatu hivi mpaka pwani. Njiani watawala walidai hongo, yaani kodi ya kupita, kwa nguo na shanga. Neno hilo tunalo hata leo, ila maana yake imegeuka kuwa rushwa. Alipofika pwani na kupewa ujira wake, alikuwa mgeni mwenye mali katikati ya watu asiowajua. Huyo ndiye Muhogo Mchungu wa kwanza.

Basi nani alimlinda? Katika filamu za London ni mpelelezi, naye hufika mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Katika njia yetu watu walitafuta dawa ya mapema zaidi, nayo ni utani. Wanyamwezi na Wazaramo walifanyana watani kwa sababu ya safari hizo. Mgeni akifika kwa mtani wake alitukanwa kwa mzaha, akachekwa, lakini alipata chakula na mahali pa kulala. Akifa, mtani alishughulika na maziko yake. Mtu mwenye mtani hakuwa peke yake, na mjanja hupenda mtu aliye peke yake.

Msomaji, mambo haya hayajapita. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge wakilipwa, laghai hana haja ya kuwangoja stesheni tena. Anatuma ujumbe kwenye simu: ile hela itume kwa namba hii. Nimemwona ofisini kwetu mzee mmoja ambaye alituma. Alidhani ni mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Fedha za msimu mzima zilikwenda kwa dakika moja, naye alikuja kuuliza kama karani aweza kuandika barua ya kuzirudisha. Tulikwenda naye polisi. Fedha hazikuonekana mpaka leo. Kilichonihuzunisha zaidi ni kwamba jirani zake wawili walikuwa wamekaa naye barazani saa ile ile, wala hakuwauliza neno, maana aliona haya.

Kwa hiyo ukija Tabora, tembea Kwihara, pita chini ya miembe, itazame shule. Kisha uwakumbuke wapagazi waliofika salama kwa sababu palikuwa na mtu wa kuwapokea. Na wewe nyumbani, kabla ya kutoa fedha zako kwa sauti usiyoijua vema, mwite jirani. Acha akucheke kidogo, kama mtani. Kuuliza si ujinga.