Bunduki ya upepo imeishiwa nguvu? Usikimbilie springi

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya Linux, hifadhidata na programu. Leo nitawatoa nje ya tarakilishi kidogo. Msiwe na wasiwasi, somo ni lile lile la kila wiki: kutafuta hitilafu kwa utaratibu badala ya kubahatisha.

Mwaka 2019 nilikuwa Uingereza kwa mkataba wa miezi kadhaa. Nilipanga chumba katika kijiji kimoja cha Norfolk, jirani na mwanamume mmoja aliyefuga kuku. Hapa nitamwita Mzee, maana kwetu mtu wa miaka sabini na zaidi haitwi jina tupu. Banda lake lilivamiwa na panya wakubwa wa kahawia, nao walikula mayai na vifaranga. Mzee aliwapunguza kwa bunduki ya upepo, ile ambayo mtutu wake hukunjwa katikati ili kuipa nguvu. Lakini msimu ule panya waliopigwa hawakufa papo hapo. Walijikokota na majeraha hadi chini ya mbao. Mzee akaitundika bunduki ukutani. Alisema afadhali mayai yaliwe kuliko kumtesa mnyama.

Fundi mmoja alimwambia kwa simu, bila hata kuiona bunduki: "Springi imechoka, weka yenye nguvu zaidi." Ushauri huu hutolewa sana, na pale Uingereza unaweza kukufikisha mahakamani. Kule England, mtu mzima anaweza kumiliki bunduki ya namna hii bila cheti mradi nishati ya risasi inapotoka mtutuni isizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16.3. Ikizidi hapo, sheria inaihesabu kama silaha ya moto inayohitaji cheti, na kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai. (Scotland ni kali zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2016 hata hizi za chini ya kiwango hicho zinahitaji cheti.)

Nguvu inatoka wapi?

Wengi hudhani springi ndiyo inayosukuma risasi. La. Ukikunja mtutu, unarudisha pistoni nyuma na kuibana springi. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi ndani ya silinda, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla, inapata joto kali, kisha inapenya katika tundu dogo na kuisukuma risasi. Kwa hiyo anayefanya kazi ya mwisho ni hewa. Hewa ikivuja, springi hata iwe ya lori haitakusaidia.

Umewahi kutumia pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake ya ndani imekauka? Unapiga, unatoka jasho, gurudumu halijai. Hakuna anayesema mkono wako ndio umechoka. Unafungua pampu, unailainisha ile ngozi kwa mafuta, kazi inaendelea. Bunduki ya upepo ni pampu hiyo hiyo, ila mkono wake ni springi.

Kupima kwanza

Sikutaka kubishana na fundi kwa maneno. Nilikuwa na Arduino, kile kibodi kidogo cha elektroniki. Nikaweka vihisi-mwanga viwili kwenye bomba la plastiki, umbali wa sentimita 30 kati yao. Risasi ikipita juu ya kihisi cha kwanza saa inaanza, ikipita cha pili saa inasimama. Risasi yenye kasi ya mita 240 kwa sekunde hupita hapo kwa maikrosekunde 1,250, na Arduino ya kawaida huhesabu kwa hatua za maikrosekunde 4. Kosa la saa ni kama theluthi moja ya asilimia. Yatosha kwa kutafuta hitilafu, ila si kwa kujitetea mbele ya sheria. Kwa hilo tuliazima kipimo cha dukani kutoka kilabu cha ulengaji cha hapo karibu.

Hesabu yenyewe mliifanya shuleni: nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Risasi za Mzee zilikuwa za milimita 4.5, uzito gramu 0.547 kila moja. Tulipiga kumi kwenye gunia la mchanga:

- Kasi ya chini: mita 168 kwa sekunde
- Kasi ya juu: mita 204
- Wastani: mita 186, yaani jouli 9.5 hivi

Katika sanduku la bunduki kulikuwa na karatasi ya zamani yenye kipimo cha siku iliponunuliwa: karibu jouli 15.5. Basi nguvu ilikuwa imepungua kweli. Lakini mimi kilichonivutia zaidi ni ile tofauti ya mita 36 kati ya risasi na risasi. Springi iliyochoka huwa dhaifu kwa namna ile ile kila mara. Nguvu inayopanda na kushuka hovyo inakuambia kuna mahali hewa inatoroka, leo nyingi, kesho kidogo. Ni kama seva: ikiwa polepole daima, huenda mashine ni ndogo, lakini ikiwa polepole mara moja moja, tafuta kitu kinachoachia.

Kitu kimoja kwa wakati mmoja

1. Risasi. Tulianza na kilicho rahisi kubadilisha. Tulijaribu mkebe mwingine wa risasi, zinazobana vizuri zaidi mtutuni. Hakuna mabadiliko ya maana. Tukarudi kwenye zile za kwanza ili vipimo vilingane.

2. Maungio ya mtutu. Pale mtutu unapokutana na silinda kuna pete ndogo ya mpira inayozuia hewa. Tulilaza kipande chembamba cha karatasi ya shashi juu ya maungio, tukafyatua. Karatasi ikaruka. Mvujo wa kwanza huo! Pete mpya bei yake haifiki hata ya kikombe cha chai. Tukapima tena: kati ya mita 196 na 214, wastani 206, jouli 11.6. Karatasi sasa ilitulia, lakini bado tulikuwa mbali na karatasi ya sandukuni.

3. Sili ya pistoni. Hapa ni ndani, na hapa naomba unisikilize vizuri. Springi ndani ya bunduki hukaa imebanwa hata kama hujakunja mtutu. Ukiifungua bila kifaa maalumu cha kuibana, itaruka na kukuvunja meno au kukutoa jicho. Mtu wa kilabu mwenye kifaa hicho ndiye aliyeifungua, sisi tukiangalia. Springi ilitoka imenyooka, fupi kidogo tu kuliko mpya. Ila sili ya plastiki iliyo kwenye kichwa cha pistoni ilikuwa imeungua ukingoni na kumeguka.

Akaweka sili mpya, springi akairudisha ile ile. Vipimo: kati ya mita 236 na 241, wastani 239, jouli 15.6. Kipimo cha kilabu nacho kikakubali. Chini ya kiwango cha sheria, na tofauti ya mita 5 tu.

Sasa fikiria kama Mzee angemsikiliza yule fundi. Springi kali ingefunika mivujo miwili, bunduki ingeonekana imepona. Kisha siku moja mtu angebadilisha pete na sili, nguvu ingepanda juu ya kiwango, na Mzee angekuwa na silaha isiyo na cheti bila yeye kujua. Sisi waandishi wa programu tunayajua haya. Ukiziba hitilafu moja kwa kuongeza nyingine, atakayekuja kusafisha ndiye atakayelipukiwa.

Sili iliungua kwa nini?

Nilimwuliza Mzee kama huwa anatia mafuta. Akajibu kwa fahari kwamba hutia matone machache kwenye lile tundu dogo la hewa kila baada ya wiki mbili, kama alivyofundishwa na babake. Bunduki ya babake ilikuwa na sili ya ngozi, nayo ngozi ilihitaji mafuta kweli. Hii mpya ni ya plastiki. Mafuta ya kawaida yakiingia mbele ya pistoni, lile joto la hewa iliyobanwa huyawasha, sawasawa na injini ya dizeli. Kila mlipuko mdogo ulikuwa ukiila sili.

Ushauri ulikuwa sahihi kwa toleo la zamani. Toleo likabadilika, maelekezo yakabaki. Mangapi kazini kwetu yanafanyika hivyo, kwa sababu tu aliyetutangulia alifanya?

Kwa wasomaji wa hapa Kenya: usinunue wala kuagiza bunduki ya namna hii kutoka nje kabla ya kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha. Sheria ya Uingereza haikuhusu hapa. Lakini utaratibu wake unafaa kwa pampu, jiko la mafuta la presha, jenereta au programu: andika kipimo cha kwanza, anza na kitu cha bei ndogo, badilisha kimoja, pima tena. Na fundi anayetaja kipuri kabla hajafungua chombo, mwulize kwanza amepima nini.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.