Neno Alilosikia Kila Mtu Isipokuwa Binti Yangu

Kwa karibu mwaka mzima nilimwita binti yangu mzubaifu. Alikuwa na miaka saba. Nikimtuma chumvi, husimama katikati ya chumba, macho ameyakaza ukutani, kope zikipepesa. Nikimwita haitiki. Zikipita sekunde kumi hivi hunigeukia: "Umesema nini, mama?" Nilimgombeza. Shuleni aliadhibiwa kwa kutosikiliza. Hakuwahi kuanguka wala kutoka povu, hivyo kifafa sikukiwaza kabisa.

Aliyenishtua ni shangazi yake. "Wifi, mtoto huyu hafanyi makusudi. Mpeleke hospitali."

Daktari hakukimbilia mashine. Aliniuliza hali hiyo huanzaje, huchukua muda gani, hutokea mara ngapi kwa siku, na mtoto akizinduka hukumbuka nini. Akashuku kifafa, akanieleza kwamba hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya aliyeshuhudia. Kipimo cha umeme wa ubongo, kinachoitwa EEG, husaidia kuthibitisha na kuonyesha ni kifafa cha aina gani.

Siku ya kipimo nilimfumua misuko, nikamwosha nywele na sikumpaka mafuta. Mtaalamu alimbandika kichwani visahani vidogo vyenye waya, yapata ishirini. Binti yangu aliogopa kupigwa shoti. "Hizi haziingizi umeme, mwanangu," akaambiwa. "Zinasikiliza tu." Na kweli, seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno, ambao Mjerumani Hans Berger aliunasa kwa mara ya kwanza kichwani mwa binadamu mwaka 1924.

Kisha binti yangu akaambiwa avute pumzi ndefu na kuzitoa mfululizo kwa dakika tatu, kwa maana pumzi za namna hiyo huweza kuchokoza kifafa cha kuzubaa namna hii. Haikufika dakika ya pili, mistari kwenye kioo cha mashine ikaruka: vilele vitatu kila sekunde, pande zote mbili za kichwa. Macho yakakaza kama ninavyoyajua. Mtaalamu akatamka kwa sauti: "Embe!" Mistari ilipotulia akamuuliza, "Nimetaja tunda gani?"

"Hujataja tunda," binti yangu akajibu.

Nililia palepale. Nilikumbuka kila nilipomwita na kumwadhibu kwa kutonijibu. Sauti yangu ilimfikia kama lilivyomfikia lile embe.

Siku hiyo nilijifunza kwamba kumtazama mtoto si sawa na kumwona. Mwaka mzima nilikuwa shahidi, nami nikajifanya hakimu. Hata mashine haihukumu peke yake: hunasa nusu saa tu ya maisha ya mtu, na mwenye kifafa anaweza kutoka na majibu yasiyo na kasoro. Ndiyo maana daktari mwema huyasoma majibu pamoja na maelezo ya nyumbani.

Leo binti yangu anameza dawa zake na kuzubaa kumekoma. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa na kifafa wakipata matibabu sahihi.

Mzazi mwenzangu, nawe mwalimu: mtoto akikatika ghafla katikati ya neno, weka fimbo chini. Mwite, mguse, hesabu sekunde, andika ulichoona, kisha apelekwe hospitali. Ushahidi wako ndio kipimo chake cha kwanza.