Asilimia tisini ya nani?

Haya ndugu zangu, leo tufanye hesabu kidogo. Msikimbie, ni asilimia tu, zile zile zilizotutoa jasho shule ya msingi.

Kuna shule mbili za sekondari, nimezitunga mimi. Ya kwanza iliandikisha wanafunzi 100 kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye wakaingia 60 kwenye chumba cha mtihani, wakafaulu 54. Ya pili nayo iliandikisha 100. Wakaingia 95, wakafaulu 76. Shule ipi imefanya vizuri?

Uliza kwenye chumba chochote cha habari siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Jibu ni la kwanza, tena bila kufikiri: 54 kati ya 60 ni asilimia 90, na 76 kati ya 95 ni asilimia 80. Shule ya asilimia 90 inapata picha ya mkuu wa shule akitabasamu. Shule ya asilimia 80 inapata aya moja chini ya tangazo la mnada.

Lakini jamani, ya pili imetoa vijana 22 zaidi wenye cheti! Ya kwanza imepata sifa kwa sababu watu 40 walipotea njiani, na hesabu yetu haina mahali pa kuwaweka waliopotea. Hawakufaulu, hawakufeli. Hawapo.

Hesabu hii niliipata Matombo, na aliyenifundisha hakuwa mwalimu.

Kwa wasiopajua: unatoka Morogoro mjini, unapita Kiroka na Mkuyuni kwa barabara ya Kisaki, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Jina lenyewe huwachekesha wageni, maana matombo kwa Kiluguru ni matiti, na wenyeji watakuonyesha mawe yaliyoleta jina hilo. Wamisionari Wakatoliki walijenga misheni hapa tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo shule si kitu kigeni. Na wewe wa Dar unayedhani Matombo haikuhusu, ukifungua bomba asubuhi kumbuka kwamba mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii.

Mama yangu ni mtu wa huko. Januari 2025 mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipata divisheni ya tatu. Kwa wenye watoto kwenye shule za kulipia mamilioni hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa binti wa shule ya kata, aliyetembea karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa miaka minne, ni jambo la kuchinja kuku. Kuku akachinjwa.

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, kwa hiyo kwenye shughuli kama hiyo mwenye neno ni mjomba. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza kama nimekuja na gazeti la kufungia ugoro. (Heshima ya kazi yangu kwa mjomba inaishia hapo.) Halafu akamgeukia binti: "Mlianza wangapi kitongoji hiki?"

"Saba, mjomba."

"Na mliomaliza?"

"Watatu."

Mjomba akanitazama mimi, kana kwamba ndiye waziri wa elimu. Akasema mkulima hasemi amevuna vizuri mpaka akumbuke alipanda mbegu kiasi gani. Akarudi kwenye kuku wake.

Ndugu msomaji, hao wanne sijawatoa kichwani tangu siku ile. Nilikaa siku tatu nikiuliza habari zao. Shule siitaji, na wao siwataji, kwa sababu hadithi hii inaweza kuwa ya kata yoyote ya milimani.

Wa kwanza alikwama kidato cha pili. Darasa la saba unamaliza kwa Kiswahili, Januari inayofuata biolojia, historia na hesabu zote zinazungumza Kiingereza. Shule nyingi zina sheria kwamba ukisikika ukizungumza Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakibeba mpaka umkamate mwingine. Kijana huyu, waliniambia wenzake, alipata dawa: akanyamaza. Miaka miwili darasani bila kuuliza swali. Upimaji wa kidato cha pili ukamkuta hapo. Serikali iliwahi kuondoa kizuizi cha mtihani huo mwaka 2008, ikakirudisha mwaka 2012. Asiyefikia alama anarudia darasa. Alirudia miezi mitatu, akaona aibu kukaa na wadogo zake. Leo ni bodaboda. Mteja akikosea njia anamwelekeza vizuri sana, kwa Kiswahili.

Wa pili alikuwa kijana wa juu kabisa mlimani, mbali kuliko mdogo wangu. Lango linafungwa saa moja na nusu. Masika yakishika upande huu wa Uluguru, ambao unapokea mvua za bahari moja kwa moja, kijito ulichokiruka jana leo hukiruki. Akawa mchelewaji wa kudumu. Na mchelewaji ana stahili yake: fimbo, au kung'oa kisiki wakati wenzake wanasoma. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa eneo lile kuhusu kitabu. Akacheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa habari za babu yake aliyekufa zamani. Kijana sasa anashusha ndizi barabarani. Anaamka alfajiri ile ile, ila ndizi hazimchapi.

Wa tatu ni binti. Yeye aliondolewa na mchana. Ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa ilifutwa kuanzia Januari 2016, na hilo lilikuwa jambo kubwa, tusilibeze. Lakini ada haikuwa na chakula ndani yake. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni baada ya kusikia watoto wanafukuzwa kwa ajili yake, na nia ilikuwa njema. Ila sufuria halijui tamko. Shule ikikosa mchango, haipiki, na aliyeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri anakaa na njaa mpaka jioni. Shule ikiruhusiwa kuchangisha kwa hiari, basi mtoto wa asiyechangia anakaa chini ya mwembe akitazama wenzake wakila. Binti alikaa chini ya mwembe muhula mmoja. Muhula wa pili shangazi akaja kumchukua, eti akamsaidie Dar. Mnajua maana ya kusaidia. Pengine ndiye aliyewafulia ninyi mashati mliyovaa leo.

Wa nne pia ni binti, naye alipata mimba mwaka 2023. Hapa nataka tuelewane, maana hili lina historia. Juni 2017, akiwa Bagamoyo, Rais Magufuli alisema katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na haki ya kurudi kwenye dawati lake. Nilimkuta kwao akimenya mihogo, mtoto mgongoni. Nikamuuliza kama anajua. Hakujua. Mama yake hakujua. Nilipowaeleza, mama akauliza swali ambalo sina hakika kama lipo kwenye waraka wowote: sawa, arudi, na huyu mdogo nitamwacha na nani mimi nikienda shamba?

Basi hao ndio wanne. Angalieni vizuri: hakuna aliyefukuzwa. Ukienda shuleni na kalamu yako kuuliza, utaambiwa utoro. Utoro! Neno moja limebeba lugha, mvua, njaa na mimba, tena linamwachia mtoto kosa lote.

Sasa msinielewe vibaya. Sijaja kuwatukana walimu wa shule za kata. Nakumbuka zilivyoitwa yebo yebo, na walimu wake wa kozi za haraka wakaitwa voda fasta, tukacheka sana mjini. Lakini nchi ilikuwa na sekondari pungufu ya 1,800 mwaka 2005, na mwaka 2009 zikazidi 4,000. Bila yebo yebo, mdogo wangu angemaliza darasa la saba akaishia hapo, na mjomba angekula kuku wake bila sababu.

Ninachogomba nacho ni kipimo. Mnakumbuka matokeo ya mwaka 2012, yaliyotoka Februari 2013: asilimia 60 ya watahiniwa wakapata sifuri, waziri mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Tangu hapo kila mtu akawa anaikimbiza asilimia. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na ndani yake shule zikapangwa hadharani kwa ufaulu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin wakachunguza upangaji huo kwenye shule za msingi. Walichokikuta ni hiki: shule za mkiani kwenye wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli, lakini idadi ya watoto waliofanya mtihani ilipungua.

Someni tena sentensi hiyo taratibu. Shule ikibanwa kwa asilimia ina njia mbili: kuwafundisha wagumu, au kuwapunguza. Ya pili ni rahisi zaidi, na haihitaji mwalimu mbaya. Inatosha lango lifungwe kwa wakati, kibao kivaliwe, sufuria lisiwashwe, na hakuna anayepanda mlima kuuliza fulani yuko wapi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Wengine wetu tulinung'unika, maana habari ya kumi bora ilikuwa inauza. Mimi nadhani walifanya vema. Ila kuondoa orodha si sawa na kubadilisha hesabu. Asilimia imebaki pale pale, inahesabiwa kwa waliofika, wala si kwa walioanza.

Wazee wa Matombo wana kumbukumbu ya jambo kama hili. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba ngazi kwenye miteremko ili udongo usimomonyoke. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Kwenye mteremko ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, kwa amri, bila kuulizwa mwenye jembe. Mwaka 1955 watu wakakusanyika hapa hapa Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye. Siwafananishi walimu na wakoloni, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mlima huu una desturi ya kuzikataa sheria zilizoandikwa na watu wasioupanda. Zamani ulikataa kwa kelele. Siku hizi unakataa kimya kimya, mtoto mmoja mmoja.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu tarehe 1 Februari 2025, siku chache baada ya kuku wetu, Rais Samia alizindua toleo jipya la sera ya elimu. Elimu ya lazima sasa ni miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza darasa la tatu mwaka 2024, kwa hiyo mwaka 2027 watamaliza msingi watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba kwa pamoja. Januari 2028 makundi mawili yatagonga lango moja la kidato cha kwanza. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020 umesaidia kujenga sekondari kwenye kata zisizo nazo, na nyumba zikisogea karibu na lango, yule kijana wa juu mlimani ana nafuu.

Lakini neno lazima linambana na anayelazimisha pia. Ukisema kidato cha nne ni lazima, basi mtoto anayepotea njiani hawezi kuendelea kuitwa mtoro tu. Ni deni. Na deni huandikwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, halina hata gharama. Kila shule inapobandika matokeo ukutani, ibandike namba mbili: waliofaulu, na walioanza. Na sisi wa magazeti, mkuu wa shule akitutajia asilimia 90, kabla hatujampiga picha tumuulize swali la mjomba: mlianza wangapi?

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha tano, bweni, mbali na nyumbani. Juzi amenitumia ujumbe, anaomba nimtafutie kitabu cha biolojia. Mwisho akaongeza: "Kaka, ukipata na cha kidato cha pili kichukue. Yule mwenzangu mwenye mtoto anasema atajaribu Januari, bibi mtu amekubali kukaa na mjukuu."

Kama unacho cha zamani kabatini, nifahamishe. Hata kama kurasa za mwisho zimechanika.