Naivasha: Usione Ua, Fuata Safari Yake

Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru kwa barabara ya juu, utaliona Ziwa Naivasha likimetameta bondeni. Ukifika mjini, shika barabara ya Moi South Lake. Mkono wa kulia ni ziwa na mafunjo yake. Kandokando ya njia ni safu kwa safu za nyumba za plastiki. Humo ndimo humea mawaridi.

Alfajiri, vijana na akina mama hutoka mtaa wa Karagita kwenda kuyachuma. Baadaye malori yenye mitambo ya baridi huyakimbiza hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tayari kwa safari ya Ulaya.

Mwaka wa 2007 riziki hiyo iliingia mashakani. Kule Uingereza watu walilalamika kwamba bidhaa zinazosafiri kwa ndege zinachafua hewa, na baadhi ya maduka makubwa yakaanza kubandika picha ya ndege kwenye vyakula vya aina hiyo. Je, mwenye duka la maua aiache Naivasha, anunue Uholanzi iliyo jirani yake?

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Cranfield hakupima safari ya ndege peke yake. Alilifuata ua tangu shambani: mbolea, umeme, joto, makasha, ndege, hadi ghala la Uingereza. Mawaridi 12,000 ya Kenya yalikuwa yamesababisha kilo 6,000 hivi za hewa ya kaboni. Idadi iyo hiyo ya Uholanzi, kilo 35,000!

Siri ni jua. Uholanzi ina baridi, na nyumba za maua hupashwa moto kwa gesi na kuwashiwa taa. Huku kwetu jua halilipiwi. Isitoshe, Olkaria, kusini mwa ziwa, mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme tangu 1981.

Basi tushangilie? Ngoja kwanza, msomaji. Tarakimu hizo mbili ni za hewa tu. Haziligusi ziwa, ambalo maji yake ndiyo yanayonywesha mashamba hayo. Mwaka wa 2009 ukame uliliteremsha mno, na mapema 2010 samaki wengi walionekana wakielea wamekufa. Wavuvi waliyanyoshea mashamba kidole. Wengine wakautaja uchafu wa mji.

Mfanyabiashara anayetazama ndege pekee angeizima mioto ya jikoni Karagita bila sababu. Anayetazama hewa pekee aweza kulikausha ziwa huku akijisifu. Hesabu ya haki hufuata kitu tangu kuzaliwa hadi kutupwa, na huuliza hewa, maji na udongo vilivyotumika njiani.

Ukifika Naivasha na jamaa zako, teremkeni ufuoni pale Karagita, mle samaki wa kukaanga. Kisha yatazameni maji. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.