Ukienda Dodoma, Jua Kwanza Utalala Wapi

Zamani mama wa Kilema akiwa na shida kubwa, safari yake ilikomea Moshi. Siku hizi wengi wetu tunakwenda Dodoma: mtoto anahitimu Chuo Kikuu, mgonjwa anatibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, au faili la mirathi limekwama wizarani.

Tangu lami ya Babati hadi Dodoma ilipokamilika mwaka 2018, basi laweza kupita Arusha na Kondoa bila kuzungukia Chalinze. Hata hivyo ni safari ya siku nzima, na stendi ya Nanenane iko nje ya mji. Si vema mama ashuke pale jioni, mtoto mgongoni, ndipo aanze kuwauliza vijana wa bajaji pa kulala.

Tafuta chumba karibu na shughuli yako. Chuo na hospitali hiyo viko upande mmoja, jirani na Ng'ong'ona. Wizara ziko Mtumba, kilometa 17 hivi kutoka katikati ya mji, kwa hiyo gesti rahisi ya sokoni huishia kuwa ghali kwa nauli.

Tazama pia kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa bajeti, vyumba hujaa na bei hupanda. Kama tarehe unaipanga mwenyewe, nenda Julai.

Mama anayesafiri peke yake atatulia zaidi katika hosteli ya kanisa, maana hakuna baa chini ya dirisha. Mwombe paroko au mchungaji wako awapigie simu wenzake wa huko. Popote utakapofikia, angalia komeo la ndani kabla ya kulipa, na uulize maji. Sisi tuliozoea mifereji ya mlimani hatukumbuki kuuliza, kumbe maji ya Dodoma yana chumvi na hukatika.

Na kwa wifi je? Siku mbili tatu, sawa. Lakini mgonjwa akilazwa wiki tatu, na wifi ana chumba na sebule na watoto wanne, mkungu wa ndizi uliombebea utakuwa umekwisha siku ya nne. Changia unga na mkaa, bila kungoja uombwe. Tena mpigie simu wewe mwenyewe, mweleze idadi ya siku. Usimwachie baba watoto, ambaye atasema tu kwamba unakuja.