Unachojua Kipe Linki

Nitasema kitu na madevelopa wengine wa huku Malindi na Kilifi watanuna: kama ujuzi wako wote uko kwenye voisi za WhatsApp, bado hujafundisha mtu. Umemfanya akutegemee tu.

Chukua mfano wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Kila muuza madera mtandaoni, kila gesti ya Watamu, anataka mteja abonyeze, aweke PIN, amalize. Njia ya Safaricom ya kufanya hivyo inaitwa Daraja. Jina ni la Kiswahili safi, ila maelezo yake ni ya Kizungu. Sasa kijana wa Kakuyuni au Mtwapa akikwama anamtafuta "yule jamaa anayejua". Jamaa akiwa hana bando, siku imeisha.

Na vinavyomkwamisha ni vitu vidogo. Namba ya simu inatakiwa ianze na 254, yeye kaandika 07. Anwani ya kupokea majibu ya malipo lazima ipatikane mtandaoni, yeye kaweka ya ndani ya laptopu yake, ambayo Safaricom hawawezi kuifikia. Namba ya biashara ya kufanyia majaribio ni 174379, yeye anang'ang'ana na till ya mamake. Mistari mitatu ya Kiswahili ingemwokoa.

Mimi chuo niliacha. Tangu hapo walimu wangu ni watu nisiowajua, waliokaa chini wakaandika hatua kwa hatua, wakazipandisha mtandaoni bure. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina cheti gani. Ndio maana hii mambo inanigusa.

Na kupandisha tovuti ya maelezo siku hizi ni rahisi. Unaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache. Programu ya MkDocs inayageuza kuwa kurasa. Ukishafungua ripozitori yako GitHub, unaandika mkdocs gh-deploy, kurasa zinapanda GitHub Pages. Ni bure, mradi ripozitori iwe ya wazi. Hakuna databesi, hakuna seva ya kulipia kila mwezi. Kikomo ni GB 1 kwa tovuti nzima na kama GB 100 za data kwa mwezi. Kwa maandishi matupu, utazeeka kabla hujafika huko. Usijaze mapicha mazito tu, msomaji wako ana bando la mbao.

Lakini tusidanganyane. Hiyo klaudi ni kompyuta za watu wengine, na tunazifikia kwa nyaya zinazopita chini ya bahari hii hii yetu. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikawa inatambaa nchi nzima. Kwa hivyo baki na nakala yako. Ukiandika use_directory_urls: false ndani ya mkdocs.yml, kisha mkdocs build, unapata folda inaitwa site. Itie kwenye flashi, mpe mtu, afungue asome bila intaneti.

Najua mtakachosema: "Nikianika kila kitu, nitakula nini?" Wewe, kuna mteja gani alikulipa kwa sababu unajua namba inaanza na 254? Anakulipa kwa kazi iliyokamilika, na kwa sababu ikiharibika usiku wa Disemba gesti imejaa wageni, utashika simu. Hiyo haiibiwi kwa kusoma ukurasa. Tena anayesoma ukurasa wako na kuona shughuli ilivyo, huyo ndiye atakayekupigia akufanyie oda.

Basi wikendi hii andika ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili unachoongea. Kile kitu umeulizwa mara tatu mwezi huu, anza nacho. Kipandishe, unitumie linki. Kuisambaza niachie mimi.